Matatu Ikipinda, Ipinde kwa Ajili ya Abiria

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3 Mashariki

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi naongeza kwamba mwenye gari lake hamjui anayengoja steji. Katika shule yetu hii ya kutwa, karibu sote ni watu wa steji. Ndiyo sababu mwaka huu sikutaka kuandika juu ya dawa za kulevya wala nidhamu, mambo ambayo wenzangu wameyaandika vyema katika kurasa hizi. Nimeamua kuandika juu ya matatu.

Najua kuna atakayeguna, "Ah, matatu tena! Huyu naye anataka kutuambia juu ya muziki na mwendo wa kasi." La hasha! Malalamiko hayo yamezeeka na kuota mvi. Swali langu ni jingine kabisa. Je, gari la abiria lifuate njia moja na saa moja kila siku, au libadilishe njia kulingana na watu waliopo? Likifuata njia moja litakwenda haraka na kwa gharama ndogo, lakini wanaokaa mbali na lami wataachwa. Likipinda kila mahali litamfikia kila mtu, lakini litachelewa na mafuta yatakwisha njiani. Sisi tunataka yote mawili: gari limfikie kila mmoja, na tena lisipoteze wakati wala pesa. Najua mshika mbili moja humponyoka. Hata hivyo naamini mambo haya mawili yanaweza kushikwa pamoja, mradi tujue ni kipi cha kulegeza na ni kipi cha kukaza.

Maoni yangu nayaweka wazi mapema ili msomaji asinitafute. Njia ya gari inaweza kulegezwa. Saa na nauli zisilegezwe. Na kulegeza kwenyewe kuwe kwa faida ya abiria, si kwa faida ya mwenye gari peke yake.

Tuanzie mbali kidogo. Mjini Nairobi, mabasi ya Kenya Bus Service yalianza mwaka wa 1934. Yalikuwa na njia zake na namba zake. Lakini mji ulikua, mitaa mipya ikazuka, na basi halikufika kila mahali. Pengo hilo likazibwa na matatu. Jina lenyewe latokana na nauli ya enzi hizo, senti thelathini, yaani mapeni matatu ya senti kumi kumi. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zibebe abiria bila ile leseni ya uchukuzi iliyokuwa ikitakiwa. Mwaka wa 1986 serikali ilianzisha Mabasi ya Nyayo, ambayo wazazi wetu wangali wanayasimulia, lakini miaka ya tisini haikwisha kabla ya mabasi hayo kudidimia. Matatu zikabaki barabarani.

Kwa nini zilibaki? Nadhani ni kwa sababu zilijua kupinda. Siku ya soko zinafuata soko. Barabara ikijaa maji zinakata kwa njia ya panya. Mama akiwa na gunia la mahindi anashushiwa langoni pake, si kilomita moja mbele kwa kuwa eti hapo ndipo steji ilipoandikwa. Mwaka wa 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, walitoa ramani ya njia za matatu za Nairobi. Wachukuzi wa habari walipanda magari wakiwa na simu, wakarekodi kila njia na kila kituo. Zilipatikana njia zaidi ya 130. Njia nyingi kati ya hizo hazikuchorwa na mtu ofisini; zilichorwa na miguu ya watu waliosema, "Dere, nishushe hapa." Kwa hivyo tusiidharau matatu. Ulegevu wake ni mali.

Lakini ulegevu huo ni wa nani? Hapa ndipo penye shida. Wenzangu wengi hudhani kwamba makanga hutunyanyasa kwa kuwa ni mtu mbaya. Mimi sikubali. Baadhi yao ni kaka zetu waliosoma papa hapa. Tazameni hesabu yao. Kwa kawaida mwenye gari hudai kiasi fulani cha pesa kila jioni, iwe siku ilikuwa nzuri au mbaya. Mafuta ni juu ya dereva. Ya njiani, ambayo sitaki kuyataja hapa kwa sababu walimu watayafuta, pia ni juu yake. Kinachobaki ndicho mshahara wake na wa makanga. Mtu wa namna hiyo hawezi kuondoka na viti vitupu. Atangoja hadi gari lijae, huku akipiga kelele, "Wa mwisho twende!" na nyuma kuna viti vitano havina mtu. Mvua ikinyesha atapandisha nauli, kwa kuwa anajua hatuna pa kwenda. Akiona abiria wamebaki watatu atawahamishia gari jingine katikati ya safari na kugeuza. Akimwona mwanafunzi wa kulipa nusu amesimama karibu na mtu mzima wa kulipa yote, hana haja ya kufikiri mara mbili.

Yote hayo ni kupinda. Gari linapinda saa, linapinda nauli, linapinda safari. Lakini kila likipinda, anayeumia ni abiria. Hata lile gari la manyanga lililopambwa kwa taa za kila rangi halitupi lile jambo moja tunalolihitaji, yaani kujua litaondoka saa ngapi na tutalipa pesa ngapi.

Kuna watakaosema kwamba matatu haziwezi kutiwa adabu, ziachwe zilivyo. Nawakumbusha sheria za Michuki. Kuanzia tarehe 1 Februari 2004, chini ya Waziri John Michuki, kila matatu ilitakiwa iwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, mstari wa manjano ubavuni, na sare kwa dereva na makanga. Nissan zilizokuwa zikishindilia watu zikawekewa mpaka wa abiria 14. Siku za kwanza magari yaligoma na watu wakatembea, lakini baadaye yalirudi yakiwa na mikanda. Ni kweli baadhi ya mambo hayo yamelegea tena, lakini tulijifunza kwamba mambo yanaweza kubadilika. Kasoro yangu kwa sheria hizo ni moja tu: zilikaza gari lenyewe, hazikugusa saa wala nauli.

Sasa tuje kwetu barabara ya Kangundo. Wengi wetu tunatoka Ruai, Kamulu, Joska, Malaa hadi Tala. Barabara ya lami imepita katikati kama uti wa mgongo, lakini watu hawakai kwenye uti wa mgongo. Wanakaa mbavuni. Mashamba yamegawanywa kuwa ploti, nyumba zimejengwa ndani kabisa, kilomita mbili, tatu, hata tano kutoka lami. Matatu ziko kwenye lami tu. Kwenda ndani ni miguu au bodaboda.

Asubuhi magari yanayotoka upande wa Tala hufika Joska yamejaa watu wa tao. Yakiwa na nafasi, nafasi hiyo ni ya anayekwenda hadi mwisho. Mwanafunzi anayeshuka vituo vitatu mbele ni hasara, kwa hivyo tunaambiwa, "Mwanafunzi ngoja la nyuma." La nyuma nalo linasema la nyuma. Ukifika langoni saa moja na nusu, unajua kinachokungoja. Jioni ndiyo mbaya zaidi. Saa kumi na mbili na nusu giza linaingia. Sisi wasichana tukishushwa kwenye lami tuna mambo mawili ya kuchagua: kutembea gizani kati ya ploti ambazo hazijajengwa, au kukubali pikipiki ya yule anayesema, "Panda tu dadangu, sitaki pesa." Kila msichana anayesoma hapa ananielewa. Bure hiyo ina bei yake, na kuna waliokuwa nasi Kidato cha Kwanza ambao hatunao sasa. Ndiyo maana sitaki mtu aseme kwamba habari za ratiba ya magari ni jambo dogo.

Hebu sasa tufanye hesabu kidogo. Msiogope, si ile ya karatasi ya pili. Tuseme katika steji moja, saa tano mchana, anafika abiria mmoja kila baada ya dakika tano. Gari la viti 14 linangoja kujaa. Yule wa kwanza kuketi atangoja wengine 13, yaani dakika 65. Zaidi ya saa nzima ndani ya bati linalochomwa na jua! Sasa tuseme steji hiyo hiyo ina gari la viti saba, kama zile Sienta zinazotumika mashambani, na linaondoka kila nusu saa, lijae lisijae. Katika nusu saa watakuwa wamefika abiria sita. Gari la viti saba lenye watu sita limekaribia kujaa. Hakuna aliyengoja zaidi ya nusu saa, na anayeijua saa ya gari anafika dakika tano kabla, anapanda, anakwenda. Kumbe shida haikuwa ratiba. Shida ilikuwa ukubwa wa gari kwa saa ile. Saa za msongamano tutumie gari kubwa la viti thelathini na zaidi; saa za ukavu tutumie gari dogo. Lakini saa ya kuondoka ibaki pale pale.

Hesabu ya pili ni ya kupinda. Tuseme gari lina abiria 12 asubuhi, na ndani ya kijiji kuna watu wawili wanaotaka lipinde liwachukue. Kupinda huko ni dakika kumi. Watu 12 wakipoteza dakika kumi kumi, jumla ni dakika 120. Wale wawili wangetembea nusu saa kila mmoja, jumla dakika 60. Kwa hivyo asubuhi gari lisipinde. Linakwenda moja kwa moja, kwa sababu wengi wataumia kwa ajili ya wachache. Lakini saa tano mchana gari lile lina watu watatu tu. Likipinda wanapoteza dakika 30 kwa jumla, na wawili wanaokoa 60. Hapo lipinde, tena bila kunung'unika. Jambo ninalolisema ni hili: gari moja, barabara moja, lakini saa zinatofautiana. Asubuhi na jioni njia iwe mnyoofu kama rula. Katikati ya mchana na usiku wa mapema njia ipinde.

Hata hivyo hesabu ya dakika haitoshi. Katika darasa letu kuna mwenzetu anayetembea kwa magongo. Kwake yeye kilomita tatu si suala la nusu saa. Ni suala la kuja shule au kutokuja. Mara nyingi gari huanza kuondoka kabla hajaketi, na ngazi ya gari iko juu mno. Bibi mwenye mgongo uliopinda anayekwenda kliniki ni vivyo hivyo, na mama mjamzito ni vivyo hivyo. Watu hawa hatuwezi kuwatia kwenye mizani pamoja na dakika kumi za mtu mwenye miguu mizima. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 54, inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa njia inayofaa. Haikusema "kama makanga atapenda." Kwa ajili yao gari lipinde saa yoyote, mradi limepewa habari mapema.

Je, wengine duniani wamefanyaje? Nitatoa mifano miwili. Mji wa Helsinki nchini Finland ulianzisha mwaka wa 2012 huduma iliyoitwa Kutsuplus. Mtu aliagiza kwa simu au kompyuta, na mashine ikapanga gari dogo limpitie yeye na wengine wanaoelekea upande mmoja. Gari halikuwa na njia maalum kabisa. Watu waliipenda, lakini magari yalikuwa kumi na matano tu, na gharama iliyobebwa na mji kwa kila safari ilikuwa kubwa. Mwisho wa mwaka wa 2015 huduma hiyo ilifungwa. Funzo ninalopata ni kwamba gari linalopinda kila mara kwa kila mtu ni ghali hata kwa matajiri. Halitaweza kwetu.

Mfano wa pili uko karibu, kwa majirani zetu. Mjini Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Yana barabara yake ya peke yake, na vituo vimeinuliwa vikawa sawa na sakafu ya basi, hivi kwamba mwenye kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa kama mzigo. Mabasi makubwa yanakwenda moja kwa moja kwenye njia kuu, na mengine yanaleta watu kutoka pembeni. Wenyeji hulalamika kwamba hujaa kupita kiasi, na malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini mpango wenyewe una akili: mto mkubwa unakwenda mnyoofu, vijito vinapinda na kuulisha. Sisi hatuna pesa za barabara ya peke yetu, lakini wazo la mto na vijito halihitaji saruji nyingi.

Basi napendekeza mambo yafuatayo kwa barabara yetu, na mwenye wazo bora anisahihishe.

Kwanza, kila steji iwe na ubao. Ubao uonyeshe saa ya gari la kwanza, saa ya gari la mwisho, muda kati ya gari na gari, na nauli. Nauli ya saa za msongamano ikiwa juu kidogo si neno, bora iandikwe. Kinachotuua ni bei ya mvua, inayozaliwa na wingu.

Pili, magari makubwa yabaki kwenye lami tangu Tala hadi mjini, na magari madogo yafanye kazi ya vijito kutoka ndani hadi lami. Gari dogo liwe na njia yake ya kawaida na saa yake, lakini baada ya msongamano wa asubuhi liruhusiwe kupinda mara moja au mbili katika safari, kupinda kusizidi dakika kumi. Anayetaka lipinde apigie simu karani wa steji nusu saa kabla. Hakuna haja ya simu ya bei ghali; hata ile ya mulika mwizi inatosha. Karani anaandika daftarini, anamwambia dereva, basi.

Tatu, jioni baada ya saa kumi na mbili na nusu, gari dogo lisimwache mwanafunzi au mwanamke kwenye lami. Limfikishe kwenye njia panda iliyo karibu na kwao. Wakati huo watu si wengi, na dakika kumi si kitu kikilinganishwa na usalama wa mtu.

Nne, kila steji kubwa ijengewe jukwaa dogo la saruji lenye kimo cha ngazi ya gari, na lenye mteremko upande mmoja. Fundi wa mtaani anaweza kulijenga. Viti viwili vya karibu na mlango viachiwe wazee, wajawazito na wenye ulemavu, na gari lisiondoke kabla hawajaketi.

Tano, shule na chama cha wenye magari wapatane juu ya gari la wanafunzi asubuhi na jioni, kwa kadi ya mwezi. Mwenye gari atajua pesa zake zimo, na sisi tutajua kiti chetu kipo. Hatutagombana tena na mtu mzima mlangoni.

Hapa namwona mpinzani wangu amenyoosha mkono. "Na nani atakubali kwenda kwenye njia kavu yenye watu sita?" Swali zuri. Jibu ni zamu na kapu. Magari haya sasa yamo katika vyama. Kanuni zilizotolewa mwaka wa 2014 ziliwataka wenye magari wajiunge na kampuni au chama cha ushirika badala ya kila mtu kujifanyia. Chama kikikusanya mapato ya magari yote katika kapu moja na kuwalipa dereva na makanga mshahara wa mwezi, hakuna atakayeumia kwa kupewa njia kavu. Leo gari lako lina zamu ya lami lenye pesa, kesho lina zamu ya ndani. Mama zetu wanafanya hivyo katika vyama vyao vya kuzungushiana pesa, na hakuna anayelia kwamba zamu yake imechelewa, kwa sababu anajua itafika. Dereva asiyedaiwa kiasi cha kila jioni hana sababu ya kungoja kujaa, wala ya kutufukuza.

"Na kapu likipungua?" Hapo serikali ya kaunti iingie. Katika Jedwali la Nne la Katiba, usafiri wa umma wa barabarani ni mojawapo ya kazi za kaunti. Kwa kuwa barabara yetu inapita kaunti mbili, Nairobi na Machakos, zote mbili ziketi meza moja. Sisemi zinunue mabasi, maana tumeona yaliyowapata Mabasi ya Nyayo. Nasema zilipie kile ambacho mfanyabiashara hawezi kukilipia: jukwaa la saruji, ubao, taa ya steji, na nyongeza kidogo kwa ile safari ya mwisho ya usiku isiyo na faida. Safari hiyo haina faida ya pesa, lakini ina faida ya mtoto wa mtu kufika nyumbani.

Mwingine atasema kwamba bodaboda tayari inafanya kazi ya kijito. Ni kweli, na sitaki mtu amnyime riziki kijana wa bodaboda. Lakini pikipiki haibebi magongo na mwenye magongo vizuri, haibebi bibi wa kliniki wakati wa tope, na nauli yake ya kilomita tatu mara nyingi inashinda nauli ya matatu ya kilomita kumi. Iwe ya anayetaka haraka, isiwe ya asiye na njia nyingine.

Kuna jambo ambalo sisi abiria nasi tunapaswa kulikubali. Tukitaka gari liondoke kwa saa, tusiliambie lisimame kila baada ya hatua ishirini kwa kuwa mlango wa duka letu uko pale. Tukitaka gari lipinde kwa ajili ya mgonjwa, tusipige kelele, "Dere, sisi tuna haraka!" Ulegevu ni wa kupeana. Anayeudai kwa ajili yake tu, naye ni kama makanga wa mvua.

Naomba nimalizie kwa jambo tunaloweza kulifanya wenyewe. Chama chetu cha Kiswahili huwa na mdahalo kila muhula. Napendekeza mada ya mdahalo ujao iwe hii ya matatu, na tuwaalike mwenyekiti wa chama cha magari, karani wa steji na mzazi mmoja wa kutoka ndani. Kabla ya siku hiyo, wanafunzi wawili wawili wakae kila steji wiki moja na daftari, waandike saa ambayo kila gari liliondoka, lilikuwa na watu wangapi, na wanafunzi wangapi waliachwa. Nimetumia "tuseme" mara nyingi katika makala haya. Tukiwa na daftari hizo hatutasema "tuseme" tena. Tutasema "tumehesabu," na mwenyekiti atatusikiliza vingine. Barua ya kuomba gari la saa kumi na mbili asubuhi na la saa kumi na moja jioni nimekwisha kuiandika, na iko kwa mwalimu mlezi. Anayetaka kutia sahihi amwendee wakati wa mapumziko.